Kijiti cha Shibiri Moja

Ijumaa hiyo Cicily aliingia Majengo saa kumi na moja jioni akiwa na hasira za kuwagawia watu wa mtaa mzima na nyingine zikabaki. Alimkasirikia naibu wa mwalimu mkuu, aliyeruhusu besi ya shule ipakiwe kwenye lori chini ya magunia ya mahindi, ikafika ilikokuwa ikienda imevunjika shingo. Alimkasirikia dereva wa lori hilo, kwa sababu alicheka. Aliyakasirikia matope yaliyokuwa yakimvua viatu kila hatua. Lakini hizo zilikuwa hasira za siku moja, za kupita. Hasira yake hasa, ile aliyolala nayo na kuamka nayo, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, na ilikuwa na jina. Iliitwa Kiambi, mdogo wake wa tumbo moja.

Kiambi ndiye aliyeukata mti.

Mti wenyewe ulikuwa muringa mkubwa, uliosimama nyuma ya jiko la mama yao kule Kianjai tangu kabla ya mtu yeyote aliye hai kuzaliwa. Watoto wa boma hawakuukwea. Mbuzi hawakufungwa hapo. Ukiuliza kwa nini, uliambiwa mti una mwenyewe. Mwenyewe nani? Hapo watu walianza kuongea habari za mvua. Basi Aprili ya mwaka jana tawi likaanguka juu ya paa la jiko, Kiambi akaja na msumeno wa petroli, na kufikia saa saba mchana mti ulikuwa mbao. Siku hiyo hiyo mama yao, Gladwell, akapoteza sauti.

Wala haikuanza kwa kukwaruza. Ilikatika tu. Mwanamke aliyekuwa akisimama mlangoni akamwita mtoto aliye ng'ambo ya bonde, na mtoto akaja mbio, sasa alifungua mdomo hakitoki kitu. Hata kikohozi chake hakikuwa na mlio. Madaktari walimpitishia mrija kooni, wakasema koo ni zima kabisa, wakamshauri Cicily aombe. Cicily aliomba. Alimnunulia na daftari, maana Gladwell alijua kusoma na kuandika, lakini kila aliposhika kalamu mama huyo alichora kitu kimoja tu. Mstari mfupi, uliosimama wima katikati ya ukurasa. Kisha alimsukumia Cicily daftari na kumkazia macho. Ukurasa baada ya ukurasa, mstari, mstari, mstari. Mwishowe Cicily alilirusha daftari ukutani, akatoka nje, akamfokea Kiambi kwa simu hadi salio likaisha.

Huyo ndiye mwanamke aliyesukuma mlango wa fundi Mutwiri jioni ile.

Mutwiri alikuwa fundi wa magitaa, na kwaya nyingi za Meru zilimjua. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kati ya bucha na kibanda cha chai cha mama aitwaye Halimo, na ilinuka gundi ya ngozi na mbao zilizotoka kurandwa. Pembeni zilisimama besi mbili, zimeegemea ukuta. Kwa asiyeijua, besi ni fidla iliyokua ikasahau kuacha. Husimama chini kwa mguu wa chuma, humpita mchezaji kimo, na sauti yake mtu huisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Mashindano ya muziki yalikuwa wiki iliyofuata, na Cicily hakuwa na nia ya kupeleka wasichana wake jukwaani bila besi.

"Mwalimu," Mutwiri alisema, akajifuta mikono. "Si nilikuambia kwa simu iko moja."

"Mimi naona mbili."

"Iko moja." Alionyesha ile ya kushoto. Vidole vitatu vya mkono wake vilikuwa vimefungwa vitambaa.

Cicily hakubishana. Aliigonga ile ya kushoto kwa kifundo cha kidole, mbele, mgongoni, mabegani. Alifumba jicho moja akaitazama shingo yake kwa urefu, akaona imepinda. Aliinyanyua kidogo, akaitua.

"Hii ni mbao za kubandika," alisema. "Inalia kama mlango wa choo."

"Lakini ni ya ng'ambo, madam."

"Ingebaki huko."

Kisha akaigusa ile ya pili.

Mgongo na mbavu zake zilikuwa za muringa, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani, na uso wake wa mbao ya podo ulikuwa umerandwa hadi ukawa laini kama shavu. Aliigonga mara moja. Sauti iliingia ndani, ikakaa kidogo, ikarudi ikiwa ndefu kuliko ilivyoingia. Alisogeza pua kwenye moja ya matundu mawili ya mbele ili ajue kama gundi imekauka. Hakusikia gundi. Alisikia harufu ya moshi, ya asali ya zamani na... ugoro. Ugoro! Mtu wa mwisho kunusa ugoro katika ukoo wao alikuwa nyanya yake mzaa baba, na nyanya alizikwa Cicily akiwa darasa la pili.

"Umeitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mbao nilizikausha miezi mingi juu ya tanuri la mkate pale nyuma. Tangu nishike randa sijawahi fanya kazi kama hiyo." Alisema hivyo bila furaha yoyote. "Lakini hiyo siuzi."

"Kwa nini huuzi?"

"Haijakubali."

"Haijakubali nini, fundi? Ongea kama mtu mzima."

"Moyo."

Ndani ya tumbo la besi hukaa kijiti kimoja, kinene kama kidole gumba, kilichosimama kati ya uso na mgongo. Hakigundishwi. Hubanwa tu pale, na ndicho kinachobeba mtetemo wa nyuzi kutoka mbele kwenda nyuma. Ukikitoa, besi inakuwa kabati. Mutwiri alikiita moyo.

"Nikikisimamisha asubuhi kinakaa," alieleza kwa sauti ya chini. "Ikifika magharibi kinaanguka. Kila siku. Nikisema nikipunguze, kisu kinakiacha kinanikata mimi." Alinyanyua vidole. "Mara tatu."

"Si uchonge kingine."

"Nimechonga nne. Zote zimepasuka. Inataka hiki tu."

Cicily alicheka, kicheko kibaya. "Kwani fundi, wewe umeokoka ama hujaokoka?"

"Nimeokoka, Mwalimu. Na vidole ndio hivi unaona."

"Lete kisu."

Aliilaza besi chali juu ya magunia ya unga wa mbao. Alimulika simu kwenye tundu, akakiona kijiti kimelala ndani tangu jana, akakivua kwa waya uliopindwa kama ndoana. Kilikuwa kikavu, kimemenywa gamba, kimenyooka vizuri, urefu wa shibiri moja. Hakukitazama mara mbili. Alipima nafasi ya ndani kwa waya, akaulinganisha na kijiti, akapumua kwa pua.

"Kimezidi kwa ukucha mmoja. Umekuwa ukikilazimisha kusimama mshazari, ndiyo maana kinateleza. Hakuna pepo hapa, fundi. Kuna kipimo tu."

Akainama juu ya besi, akakata.

Kisu kilipita bila shida yoyote, kama kwenye ndizi mbivu. Kipande kiliruka, chembamba, cha duara, mfano wa kifungo cha shati, kikaangukia tunduni. Kililia mara moja ndani. Tik. Kisha kimya. Huko nje, maongezi ya wanywaji chai yalikatika yote kwa pamoja, halafu yakaendelea.

"Kimeingia," Mutwiri alinong'ona.

"Tutakitoa baadaye."

Alikirudisha kijiti ndani kwa ncha ya waya, akakisimamisha, akakisukuma taratibu hadi kikabana. Safari hii kilikaa wima kabisa. Waliinyanyua besi pamoja. Cicily alikisimamisha kile kibao kinachobeba nyuzi, akaanza kuzivuta moja moja, kutoka nyembamba hadi nene, huku akipiga magoti kila mara kuchungulia kama kibao hakijainama. Mbao ziliguna, kama zinavyoguna besi yoyote inapobeba nyuzi mara ya kwanza. Alikuwa amesahau kukasirika. Mikono yake ilikuwa na kazi, na kazi ilikuwa ikienda sawa.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mabati. Halimo akatokea mlangoni na birika tupu mkononi.

"Mutwiri, umeisimamisha tena? Si nilikwambia? Magharibi hiyo kitu inaita mtu."

"Inaita nani?" Cicily aliuliza bila kugeuka.

"Msichana. Jina sijalishika. Inakatika katika."

Cicily akatikisa kichwa, akaupaka utomvu mkavu uta wa kupigia nyuzi, akauweka juu ya uzi mnene wa mwisho, akavuta.

Sauti ilijaa chumbani hadi makopo ya rangi yakatetemeka kwenye rafu. Ilikuwa sauti pana, ya giza, tamu ajabu. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima kifua cha Cicily kilifunguka. Alivuta tena, mpaka mwisho wa uta. Akaunyanyua.

Sauti haikuisha.

Alitazama uzi. Ulikuwa ukitetemeka peke yake. Harufu ya ugoro ikapanda, kali, ikamchoma puani... Mvumo ukapungua, ukawa mwembamba, ukawa pumzi. Pumzi ikawa koo.

"Ciiiicily..."

Alilijua lile jina lilivyovutwa mwanzoni. Ndivyo alivyoitwa kutoka mlango wa jiko, jioni, githeri ikiwa tayari.

"Cicily wee... Ciiiicily..."

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Mdomo wake ulikwisha kufunguka kuitika, kwa sababu miaka thelathini na minne ya kuitwa hivyo na kuitika haiulizi ruhusa. Kiganja kikamziba. Kilinuka tangawizi.

"Usiitike!" Halimo alimwambia sikioni. "Hiyo ukiitika, inachukua na sauti yako."

Kipaza sauti cha msikiti kikakwaruza, adhana ikaanza. Uzi ukanyamaza.

Cicily aliutoa mkono wa Halimo kwa nguvu na akamrukia Mutwiri, akamshika aproni kifuani.

"Nani amemrekodi mama yangu? Umeweka spika ndani? Mama yangu hajasema neno mwaka mzima, na wewe umekaa hapa unacheza na sauti yake!"

"Mwalimu, mimi hata mama yako simjui..."

"Nyamaza!"

Alilegeza nyuzi kwa pupa, moja ikamchapa shavuni. Aliilaza besi, akachokoa ndani kwa waya, akatafuta spika, akatafuta simu, akatafuta chochote cha kumfunga nacho Mutwiri jela. Hakupata kitu. Alikipata kijiti. Akakitoa, akakisogeza karibu na balbu, na sasa ndipo alipokitazama.

Karibu na ncha moja kilikuwa kimechorwa pete kwa kisu. Ndani ya pete mlikuwa na mafuta yaliyoganda, ya manjano. Mafuta ya kondoo.

Mstari mfupi, uliosimama wima.

"Hiki kijiti," alisema, na sasa hakuwa akifoka, "ulikitoa wapi?"

"Kilikuja na mbao. Juu yake. Nikaona ni kikavu, kimenyooka, nikaweka."

"Mbao zilikuja na nani?"

"Pickup nyeupe. Mlango mmoja wa buluu."

Ilikuwa pickup ya Kiambi.

Cicily aliketi juu ya gunia la unga wa mbao. Kuna mambo mtu huyaweka mbali sana akilini hata akaamini hayakutokea, na hili lilikuwa mojawapo. Asubuhi ile ya kukatwa mti, kabla msumeno haujawashwa, Gladwell alikwenda chini ya muringa na kijiti cha shibiri moja, amekipaka mafuta. Zamani ilikuwa kazi ya wazee. Mti mkubwa haukukatwa hivi hivi. Kijiti kiliegemezwa kwanza kwenye shina, aliyemo akaombwa ahamie humo, kisha kijiti kikabebwa kikaegemezwe mti mwingine ili naye apate pa kukaa. Wazee waliojua maneno walikuwa wamekwisha, lakini Gladwell aliwahi kumwona mama mkwe wake akiyasema. Akayasema yeye. Akaahidi kwa mdomo wake mwenyewe: toka humu, ingia humu, nami nitakufikisha. Mti ukakatwa. Gladwell akakishika kijiti kwa mikono miwili, akaanza kuvuka uwanja kuelekea mtoni, kwenye muringa mwingine mdogo.

Na hapo ndipo wanawake wa ushirika walipokuwa wakiingia langoni na Biblia zao.

Cicily aliona aibu. Aliwaona wakimtazama mama yake na kile kijiti kinachonuka kondoo, aibu ikageuka moto. "Mama, umeokoka ama hujaokoka?" Akampokonya. "Ni kuni tu hii!" Akakirusha juu ya mbao, na Kiambi, ambaye hakuwa ameona lolote, akawasha gari na kuondoka. Gladwell alilikimbilia lile gari hadi barabarani, mdomo wazi, mikono hewani. Cicily alidhani anapiga mayowe na injini inayameza.

Hakuwa akipiga mayowe. Mdomo ulioahidi ulikuwa umekwisha kuchukuliwa.

Mwaka mzima mama yake alikuwa akimchorea. Na yeye mwaka mzima alimtukana Kiambi.

Jumamosi, umande ukiwa bado majanini, Cicily alisimama kando ya mto kule Kianjai na mama yake na Kiambi. Alikuwa amemweleza Kiambi yote, bila kujipunguzia. Alimsubiri amfokee. Alitaka amfokee, ingekuwa nafuu. Kiambi alivuta tu kofia mbele ya macho.

"Kumbe," alisema. Basi.

Cicily akampa mama yake kijiti.

Gladwell alikipokea kwa mikono miwili, akakibana kifuani kwa furaha. Alipapasa pete ya mafuta. Akaenda upande wa pili kwa kidole gumba... akasimama. Akageuza ncha ile juu. Ilikuwa nyeupe, mpya, imekatwa. Akatandaza shibiri yake juu ya kijiti, gumba huku, kidole cha mwisho kule. Kidole cha mwisho kikaning'inia hewani. Pengo lilikuwa la ukucha mmoja.

Alimtazama binti yake. Cicily hajawahi kutazamwa hivyo, na hamwombei mtu yeyote atazamwe hivyo.

"Nilikuwa nakiweka sawa," Cicily alisema. "Mama, sikujua. Kilikuwa kirefu."

Gladwell alipiga magoti, akakiegemeza kijiti kwenye shina. Hakukuwa na upepo. Hata hivyo majani ya ule muringa mdogo yakatikisika, kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayepanda ngazi, yakatulia kileleni. Harufu ya ugoro ikapita kati yao ikaisha.

Gladwell akakohoa. Kikohozi kilikuwa na mlio.

"Kiambi," alisema.

Sauti ilikuwa yake. Ilikuwa imeparara lakini ilikuwa yake. Kiambi akaanza kulia kama mtoto. Gladwell akamshika kichwa, akaita tena, Kiambi, Kiambi, akamwita marehemu mumewe, Kaburu, akamwita jirani Lydiah, akamwita ng'ombe wake kwa jina, akacheka. Alikuwa akiyajaribu majina yote kama mtu anayejaribu funguo. Kisha akamgeukia Cicily, akamnyoshea mkono, akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Akafunga mdomo. Akaufungua tena. Mishipa ya shingo ikasimama. Macho yakaanza kumtoka, na bado kimya, kimya kile kile cha mwaka mzima.

"Wewe," alisema mwishowe. Akajishika koo. "Wewe... mwalimu."

Mchana huo huo Cicily alikuwa Majengo. Hasira zilikuwa zimerudi, na hazikuwa na mtu wa kumwendea ila yeye mwenyewe.

"Ifungue," alimwambia Mutwiri. "Ipasue kama haifunguki. Nataka kile kipande."

Mutwiri aliitikisa besi kwanza. Tik, tik. Kipande kilikuwemo. Alichemsha maji, akapitisha kisu chembamba kwenye maungio ya gundi, sentimita kwa sentimita, saa nzima, hadi uso ukaachana na mbavu. Waliunyanyua. Walimulika taa mbili. Halimo naye aliingia akachungulia.

Ndani mlikuwa safi. Hapakuwa na kipande. Hapakuwa hata na vumbi.

Walipapasa kila kona kwa vidole. Walifagia sakafu, wakachekecha unga wa mbao kwa chekeche la Halimo, wakakung'uta nguo zao. Cicily alitambaa chini ya meza hadi magoti yakachubuka, akitukana kwa Kimeru maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Saa kumi Mutwiri akaifunga besi, akaibana kwa vibanio, akaisogeza ukutani.

Tik.

Mutwiri alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Ichukue," alisema. "Hata bure, Mwalimu. Mimi sitaki kulala na hii kitu tena."

Jumapili Kiambi aliibeba kwa pickup hadi Kianjai. Lilikuwa wazo la Cicily. Alijiambia kwamba kama jina limo ndani ya besi, na mwenye jina na mwenye sauti wakikaa chumba kimoja, labda litajua njia ya kurudi. Mutwiri alikuwa ameweka moyo mpya, wa podo, na safari hii besi haikuukataa. Cicily alizifunga nyuzi mwenyewe sebuleni, akipiga magoti, akichungulia kibao, akigeuza vigingi taratibu. Aliisogeza karibu na kiti cha mama yake. Hakugusa uta.

Gladwell alikuwa akichambua maharage kwenye ungo na kuongea. Siku mbili hizi hakuwa amenyamaza. Alimsimulia Kiambi habari za mwaka mzima, habari zote alizozishika kooni. Kwa Cicily alisema "mwalimu, sogeza taa", "mwalimu, karibu chai". Alisema kwa adabu. Asubuhi alimwuliza Kiambi kama mgeni amelala vizuri.

Jua likashuka. Kuku wakaingia bandani. Cicily aliuona uzi mnene ukianza kutetemeka kabla hajausikia.

"Ciiiicily..."

Kiambi akadondosha kikombe. Cicily akauma midomo yake yote miwili, akaishika miguu ya kiti alichokalia. Sauti ya mama yake ikajaa sebule, ya ujana kidogo, ya kutoka mlango wa jiko, isiyo na hasira hata chembe.

"Cicily wee... Ciiiicily..."

Alimtazama mama yake, akamwomba kimoyomoyo. Mama, tafadhali. Chukua. Ni lako hilo.

Gladwell alikuwa ameacha kuchambua. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza vizuri, kama mtu anayesikia jirani akiita ng'ambo ya bonde. Akamgeukia Cicily, uso wake umejaa huruma ya mtu baki.

"Huyo mama anaita mtoto wake na roho yote," alisema. "Huyo Cicily ni nani? Na kwa nini haitiki?"